Betri tatu, redio moja: kisa cha pikipiki iliyokuwa haiamki asubuhi

Kijana alikuja anaisukuma. Pikipiki ya cc 125, imetunzwa vizuri, ila ukibonyeza stata unasikia tik tik tu halafu kimya, na taa ya nyutro inawaka kwa unyonge mpaka unainama ndo uione. Akaniambia, "Fundi, betri mbili nimeshatupa tangu nifunge muziki, na hii ya tatu ndo hivyo unavyoiona." Nikamuuliza nani alimfungia, akasema fundi mmoja tu alimkuta, na huyo fundi kila akirudishiwa pikipiki anamwambia betri za siku hizi hazina kitu, anunue nyingine.

Naandika kisa hiki chote mwanzo mwisho kwa sababu kila kitu kilichoharibika humo nimeshakikuta kwenye pikipiki nyingine kimoja kimoja, ila humu vilikuwa vimekusanyika vyote, na ndo maana watu walipotea. Ukirekebisha kimoja dalili inapungua kidogo, unaona umemaliza, kumbe bado.

Vilivyofungwa ni hivi: redio ndogo yenye ampilifaya ndani yake, spika mbili kwenye hendo, taa mbili za LED za pembeni, chaja ya simu ya USB yenye kile kioo kinachoonyesha volti, na alamu ya wizi. Vyote vimepewa umeme kwa waya mmoja mwembamba uliotoka kwenye betri, ukapita chini ya tenki mpaka mbele.

Kabla sijafungua siti nikamuuliza swali moja, hiyo betri inakufa saa ngapi? Inakufa ukiwa unaendesha au inakufa ikiwa imepaki? Hili swali linaokoa muda sana, kwa sababu ikifa ukiwa barabarani maana yake umeme unaoingia ni mdogo kuliko unaotoka, na ikifa imepaki maana yake kuna mtu anakula usiku. Akanijibu, "Asubuhi ndo haiwaki kaka, ila hata jioni nikirudi honi inakuwa imeshalegea." Yaani yote mawili. Hapo nikajua siondoki na jibu moja.

Nikapima betri ikiwa imetulia, haina mzigo: volti 11.7. Betri ya volti 12 ya asidi ikiwa imejaa na imepumzika inasoma kama 12.6 hadi 12.8, ikifika 12.2 imebaki nusu, sasa 11.7 hiyo imeshakauka. Na betri ya aina hii ikikaa imekauka siku nyingi inaota chumvi ngumu kwenye sahani zake za ndani, baada ya hapo hata ukiichaji haishiki tena kama zamani, kwa hiyo zile mbili alizotupa inawezekana kabisa mwishoni kweli zilikuwa zimekufa, lakini ziliuawa, hazikuja na ubovu wake. Hii ilikuwa bado mpya, nikaiweka kwenye chaja ya taratibu, nusu ampea tu maana betri yenyewe ni ya ampea-saa 7, nikamwambia kijana aniachie pikipiki mpaka kesho yake.

Kesho yake betri inasoma 12.7. Nikaanza na mwizi wa usiku.

Kipimo chenyewe ni rahisi ila kina masharti. Ufunguo umezimwa, unachomoa waya wa hasi kwenye betri, unaweka mita katikati, mguu mmoja kwenye nguzo ya hasi na mwingine kwenye waya uliochomoa, mita ikiwa kwenye tundu la ampea 10. Ukishaweka hivyo usiguse stata hata kwa bahati mbaya, stata inavuta ampea nyingi mno, fyuzi ya mita inakatika papo hapo. Halafu subiri dakika kadhaa kabla hujasoma, vifaa vingine vinachukua muda kulala. Nikasubiri. Mita ikatulia kwenye 0.21, yaani miliampea 210, pikipiki imezimwa, ufunguo uko mfukoni.

Nikaanza kuchomoa kimoja kimoja huku jicho liko kwenye mita. Chaja ya USB na kile kioo chake, zikapungua kama miliampea 28. Alamu, 15. Nikachomoa soketi ya nyuma ya redio, mita ikaanguka karibu na sifuri. Redio peke yake ilikuwa inakula zaidi ya 160, kioo chake kimezima kabisa, haitoi sauti, mtu yeyote akiitazama anasema imelala.

Sasa piga hesabu. Miliampea 210 kwa saa 12 za usiku ni ampea-saa 2.5 hivi, kwenye betri ya 7. Zaidi ya theluthi moja imeondoka mtu amelala. Kama betri ilijaa jioni, asubuhi ingewasha bila shida. Lakini huyu jioni honi ilikuwa imeshalegea, maana yake alikuwa anapaki na nusu betri, ukitoa theluthi kwenye nusu unabaki na kitu ambacho stata haiwezi kukitumia.

Nikageuza redio nyuma. Hizi redio zinazouzwa za kufunga mwenyewe nyingi zinafuata rangi zile zile: mweusi ni hasi, njano ni umeme wa kudumu wa kutunza saa na stesheni, mwekundu ni umeme unaokuja ufunguo ukifunguliwa. Njano unakula kidogo sana, miliampea chache. Mwekundu ndo unaoiambia redio amka, kazi imeanza. Fundi aliyefunga alisokota njano na mwekundu pamoja, akavipeleka vyote kwenye chanya ya betri. Kwa hiyo redio haijawahi kuambiwa ufunguo umezimwa. Kijana alikuwa anabonyeza kitufe cha kuzima, kioo kinaondoka, ila ndani bado iko macho usiku kucha inasubiri kazi.

Naomba hapa nieleweke vizuri maana nimeona watu wanabishana. Kuunganisha njano na mwekundu sio kosa. Wengi tunaunganisha. Kosa ni pale unapovipeleka vikishaungana.

Huo ndo usiku. Mchana nao una yake.

Nikawasha pikipiki, vifaa vyote nimezima, nikaishika kwenye mzunguko kama wa 5000 kwa dakika, betri inasoma 14.1. Safi kabisa, maana yake koili ya chaji na regyuleta (kile kifaa kinachodhibiti volti za chaji) vinafanya kazi, na mtu asije akakuuzia regyuleta kwa kisa kama hiki. Nikawasha taa za LED, redio nikaipandisha kama anavyosikiliza mwenyewe, nikachomeka simu. Mzunguko ule ule, 12.6. Nikaachia gesi ikarudi sailensi, 12.1, na taa ya breki nikibonyeza unaona namba inashuka zaidi. Hapo injini inazunguka kabisa na betri inaliwa.

Sababu yake ni wati tu. Koili ya pikipiki hii inatoa kama wati 120 ikiwa imechanganya, sailensi haifiki hata nusu ya hapo. Taa kubwa wati 35, ya nyuma 5, moto wa plagi na dashibodi tuseme 20, hizo 60 ni zake mwenyewe alizotoka nazo kiwandani. (Zipo pikipiki ambazo taa kubwa inakula moja kwa moja kwenye koili bila kupita kwenye betri, hizo hesabu yake ni tofauti, hii taa zake zote zinapita kwenye betri.) Zinabaki 60 za kuchezea. Taa za LED nilizipima zikavuta ampea 3 zote mbili, karibu wati 40. Redio kwa sauti yake ilikuwa inacheza kwenye ampea 4, hiyo ni wati 50 na kitu. Simu 12. Jumla yote inavuka 160. Kila saa anayotembea hivyo anadaiwa wati-saa 40 na zaidi, ambazo zinatoka kwenye betri, ni kama ampea-saa 3.3. Betri ya 7 inamalizika kwa saa mbili.

Kijana akaniuliza, "Sasa mbona kwenye boksi la redio wameandika wati 500?" Nikamgeuzia redio nikamwonyesha fyuzi iliyo nyuma yake, ampea 10. Ampea 10 mara volti 12 ni wati 120 ndo zinaweza kuingia, na hakuna kifaa duniani kinatoa kingi kuliko kilichoingia. Ukitaka kujua nguvu ya kweli ya redio soma fyuzi yake, achana na boksi.

Kilichonitisha zaidi lakini hakikuwa betri. Ule waya mwembamba uliopita chini ya tenki, nilivyonyanyua tenki nikaufuata kwa kidole, karibu na shingo ya usukani tepu ilikuwa imelainika inavutika kama ulimbo, nikaibandua, chini yake ganda la waya limegeuka kahawia na limekuwa gumu, ukilikunja linapasuka na shaba ndani imeota ukijani. Waya ule ni wa nusu milimita ya mraba. Waya wa namna hiyo mita moja ina om (kipimo cha ukinzani wa umeme) kama 0.035, mpaka mbele ni mita moja na nusu, ukipitisha ampea 8 unapoteza volti 0.4 njiani, na hizo volti haziendi popote, zinakuwa joto ndani ya tepu. Na fyuzi iko wapi? Iko mwishoni, nyuma ya redio. Kutoka kwenye betri mpaka pale, mita moja na nusu nzima chini ya tenki la petroli, hakuna fyuzi ya maana ya kukata umeme huo waya ukigusa chesisi. Nyingine waliongeza katikati baada ya ile ya kwanza kukatika katika, fyuzi ya ampea 30. Fyuzi ya 30 kwenye waya wa nusu milimita, waya ndo utakatika kwanza, na utakatika kwa moto.

Fyuzi inalinda waya. Hailindi redio. Ndo maana inakaa jirani na betri, ndani ya sentimita 15 au 20, na saizi yake inachaguliwa kwa kutazama waya unaoanzia hapo.

Kuna jambo alilitaja kama dogo tu, kwamba redio inakata yenyewe anapokata kona ya kulia, akinyoosha usukani inarudi. Alishazoea. Nikachomoa soketi ya redio, mita nikaweka kwenye om, mguu mmoja kwenye waya wa spika ya kushoto mwingine kwenye chesisi, haisomi kitu, sawasawa inavyotakiwa. Nikamwambia shika usukani geuza taratibu kulia. Akageuza, alipokaribia mwisho mita ikalia. Waya wa hasi wa spika ulikuwa umepitishwa palepale kwenye kile chuma kinachozuia usukani usipite mwisho wake, unasagwa kila kona, mpaka ganda limeisha na shaba inagusa chuma.

Mtu atasema si hasi hiyo, ikigusa chesisi kuna shida gani. Shida ipo. Ampilifaya za redio hizi zinaendesha spika kwa nyaya zote mbili, zote zina umeme wake, ukipima kila mmoja na hasi ya betri bila muziki unakuta kama volti 6. Ule wanaouita hasi wa spika hauna undugu na hasi ya betri. Ukiugusisha na chesisi unaipiga ampilifaya shoti, ikiwa na bahati inajizima kujilinda kama hii ilivyokuwa inafanya, ikikosa bahati ic (chipu ya ampilifaya) inaungua. Wapo mafundi wanaookoa waya kwa kupeleka waya mmoja tu kwenye spika na kurudisha kwa chesisi, tafadhali msifanye hivyo.

Na mluzi. Ukivuta gesi spika zinapiga mluzi unaopanda na injini. Nikaweka mita kwenye volti, mguu mmoja nguzo ya hasi ya betri, mwingine kwenye waya mweusi wa redio, muziki unacheza: volti 0.7. Ilitakiwa iwe karibu na sifuri. Waya mweusi ulifungwa kwenye bolti ya kishikio cha mbele, juu ya rangi, na chini ya rangi kuna kutu. Redio inatafuta njia ya kurudi kwenye betri kupitia kutu, na kelele za chaji zinaingia hapo hapo.

Nikang'oa vyote. Sikutaka kuokoa hata kipande.

Waya mpya wa milimita 2.5 kwa umeme mkuu, chanya na hasi zote zinatoka kwenye betri yenyewe, hakuna cha kuegemea kwenye bolti ya bodi. Fyuzi ya ampea 15 kiasi cha kidole mbali na nguzo ya chanya, imewekwa kwenye kikasha chenye mfuniko wa mpira. Kutoka hapo inaingia kwenye rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo, miguu yake ina namba, mguu 30. Mguu 87 ndo unaotoka kwenda kwenye vifaa. 85 kwenye hasi, na 86 nikaupa umeme kutoka waya wa taa ya nyuma, ule unaopata moto ufunguo ukifunguliwa. Uzuri wa rilei ni kwamba swichi ya ufunguo haibebi mzigo wa redio wala taa, inabeba koili ya rilei tu ambayo ni kama ampea 0.15. Mafundi wanaochomeka redio moja kwa moja kwenye waya wa swichi ndo wanaozalisha zile swichi za ufunguo zinazoyeyuka baadaye.

Baada ya 87 kila kifaa na fyuzi yake ndogo, redio 7.5, taa 5, chaja ya simu 2. Njano na mwekundu wa redio nikaviunganisha pamoja na kuvipeleka hapo kwenye 87. Nilimuuliza kwanza, unasikiliza stesheni au unapiga nyimbo kutoka kwenye simu? Akasema simu tu, kwa Bluetooth. Basi hakuna cha kukumbuka usiku, ikizima izime kabisa. Angekuwa mtu wa stesheni ningeupeleka njano peke yake kwenye betri kwa fyuzi yake.

Maungio niliyabana kwa koleo na vibanio vya shaba, juu yake mpira unaosinyaa ukipata joto. Nyumbani kwenye meza kuunga waya kwa risasi ya kuyeyusha ni kuzuri, kwenye pikipiki mtetemo unakata waya pale risasi inapoishia, hasa kama hakuna kitu kinachoushikilia. Kwenye shingo ya usukani nyaya zote nimezipitisha ndani ya bomba laini, nikaacha ulegevu, nikageuza usukani kushoto mwisho na kulia mwisho nikiwa nimeshika zile nyaya kuhakikisha hakuna inayovutika wala kubanwa. Na kabla waya haujaingia kwenye redio nimeuacha uning'inie kidogo kama bakuli ili maji ya mvua yadondoke pale chini yasifuate waya mpaka kwenye soketi.

Taa hatukukubaliana haraka. Yeye anazipenda zile kubwa. Nikamwekea mita mbele yake akaona mwenyewe volti zinavyoshuka, tukaweka ndogo za wati 10 kila moja zenye swichi yake, za kuwasha inapohitajika. Alitaka pia niweke LED kwenye taa kubwa ili wati zipungue, nikakataa, kioo cha taa ile kimetengenezwa kwa balbu yake, ukiweka LED nyingi za kubandika mwanga unatawanyika unampiga machoni anayekuja mbele yako, na yeye pia ana watu wanaomsubiri.

Vipimo vya mwisho: ufunguo umezimwa, miliampea 15, hiyo ni alamu peke yake. Kwa betri ya 7 ni kama siku 10 kufika nusu, nikamwambia akisafiri muda mrefu achomoe. Mzunguko wa 5000 na taa mpya, simu, na muziki wa kawaida, 13.5. Sailensi na kila kitu kimewaka bado inashuka chini ya 12.6, hilo siwezi kulitoa, koili ni ile ile, kwa hiyo kwenye foleni apunguze sauti au azime taa za pembeni. Kati ya hasi ya betri na mweusi wa redio, 0.05. Mluzi umeondoka. Ilibaki sauti ndogo ya kutikatika, tk tk tk, inayofuata injini, hiyo ikatoka nilipobadilisha kofia ya plagi, iliyokuwepo haikuwa na rezista ndani.

Nililala nayo usiku mmoja zaidi ili nijiridhishe. Asubuhi 12.6, stata imegusa mara moja. Kijana alipokuja nilimchorea kwenye karatasi rangi za nyaya zote, kila fyuzi na saizi yake, nikaifunika kwa nailoni na kuibandika chini ya siti, ili fundi mwingine atakayefungua pale siku yoyote asianze kubahatisha.